Harold Sakata: mwigizaji aliyefundwa na ulingo

Mimi ni kocha wa kunyanyua vitu vizito, na mieleka ya kulipwa nimeifuatilia tangu enzi za kanda za video. Leo namleta kwenu mtu ambaye wengi wanamjua kwa kofia yake tu. Kwenye Goldfinger, filamu ya jasusi James Bond ya mwaka 1964, kuna jamaa mmoja mpana wa kifua, suti nyeusi, kofia yenye ukingo unaokata hadi shingo ya sanamu. Filamu nzima hasemi neno. Huyo ni Oddjob, mlinzi wa adui wa Bond, na aliyemcheza ni Harold Sakata.

Watu husema Sakata hakuwa mwigizaji, alikuwa misuli tu. Mimi nakataa. Kazi ya kuigiza alishaifanya miaka na miaka, mbele ya umati unaomzomea.

Alizaliwa Holualoa, Hawaii, mwaka 1920, katika familia yenye asili ya Japani. Kwenye Olimpiki ya London, 1948, aliiletea Marekani medali ya fedha uzani wa kilo 82.5, akinyanyua jumla ya kilo 380. Wakati huo jumla ilikuwa ya mitindo mitatu. Ule wa kusukuma chuma kutoka mabegani kwa nguvu za mikono tu, bila msaada wa magoti, ulifutwa baada ya Olimpiki ya 1972. Dhahabu ilikwenda kwa Mmarekani mwenzake, Stanley Stanczyk, kwa kilo 417.5. Pengo hilo halina mjadala.

Lakini mchezo wa ridhaa haulipi kodi ya nyumba. Sakata akaingia mieleka ya kulipwa, ambako mshindi hupangwa kabla, kwa jina la Tosh Togo. Vita vya Marekani na Japani vilikuwa vimeisha juzi tu, na mapromota wa Marekani walijua kuwa sura ya Kijapani inauza tiketi ilimradi mwenye sura hiyo awe adui. Basi vijana waliozaliwa Hawaii au Oregon wakapewa uhusika wa Mjapani mwenye hila: anainama kwa adabu, kisha anammwagia mpinzani chumvi machoni. Aliyetoka kuivalia Marekani jezi London akawa wa kuzomewa na Wamarekani.

Na adui wa ulingoni ana kazi nzito kuliko stelingi. Aliyekaa nyuma kabisa haoni macho yako wala hasikii maneno yako. Kwa hiyo unatembea taratibu. Ukipigwa mara ya kwanza, hutikisiki. Unatabasamu, unawapa watu nafasi ya kukuchukia. Zamu ya stelingi ikifika, unaanguka kwa namna itakayomfanya yeye aonekane mwenye nguvu. Ukianguka mapema umemharibia. Ukichelewa, umati umepoa.

Mwaka 1951 alikuwa kwenye kundi la wanamieleka waliotoka Marekani kwenda Japani. Huko walifanya mazoezi na Rikidozan, aliyekuwa ameacha sumo, mieleka ya jadi ya Japani, na Oktoba 28 mwaka huo Rikidozan akapanda ulingoni na Bobby Bruns, mmoja wa Wamarekani hao, wakatoka sare. Rikidozan ndiye aliyekuja kuitwa baba wa mieleka ya kulipwa ya Japani. Kwake mpango uligeuzwa: adui akawa Mmarekani.

Sasa rudi kwenye pambano la Fort Knox, hazina ya dhahabu ya Marekani, ndani ya Goldfinger. Bond anamrushia kipande cha dhahabu, kinamgonga kifuani. Sakata hakwepi, anatabasamu. Huo ni ulingo mtupu! Sean Connery, aliyemcheza Bond, anaonekana yuko hatarini kwa sababu mwenzake hana haraka. Kwenye tukio la Oddjob kupigwa shoti ya umeme akiwa ameshika kofia yake, Sakata aliungua mkono kweli, lakini hakuachia ile kofia mpaka mwongozaji, Guy Hamilton, aliposema basi. Mwanamieleka hakatishi pambano kwa maumivu.

Baada ya hapo, sioni kama Hollywood ilijua imfanyie nini. Walimpa majambazi na walinzi wa matajiri, na mara nyingi kwenye orodha ya waigizaji wakamwandika Harold “Oddjob” Sakata. Alifariki Honolulu Julai 1982, akiwa na miaka 62.

Kazi yake nyingine ninayoipenda hata si filamu. Ni tangazo la dawa ya kikohozi ya Vicks Formula 44, la miaka ya 1970: jitu linakohoa, na kila kikohozi kinabomoa kitu, hadi linapopewa dawa. Kuchekesha kwa namna hiyo, bila mazungumzo, kunataka mtu anayejua sekunde ya kuangukia.