Vidoa vimepotea miguuni, je, figo? Maswali na majibu kuhusu IgA vaskulitisi

IgA vaskulitisi ni nini?
Ni ugonjwa wa kuvimba kwa mishipa midogo ya damu, na huwapata zaidi watoto. IgA ni sehemu ya kinga ya mwili, ila hapa inajikusanya kwenye kuta za mishipa hiyo na kuiumiza, damu inavujia kwenye ngozi, utumbo na figo. Mara nyingi hutanguliwa na mafua au kikohozi. Hapa Dodoma msimu wa upepo wa Juni na Julai huja na vyote viwili. Ugonjwa wenyewe hauambukizi, na hakuna aliyemroga mtoto.

Nitautambuaje?
Vidoa vya zambarau miguuni na makalioni. Kwenye ngozi nyeusi rangi haionekani vizuri, kwa hiyo mpeleke mtoto kwenye mwanga umpapase: vimeinuka, na ukivikandamiza havififii. Magoti na vifundo huvimba, tumbo husokota, wakati mwingine kabla ya vidoa kutokea.

Lipi halisubiri kesho?
Kinyesi chenye damu au cheusi, tumbo kuuma sana na kutapika mfululizo (utumbo unaweza kuingia ndani ya utumbo), korodani kuvimba. Vidoa hivi pamoja na homa kali na mtoto kulegea vinaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Hapo ni hospitali saa hiyo hiyo.

Vidoa vimekwisha na anacheza. Si amepona?
Hapana, mama. Ngozi imepona, figo hujazipima. Matatizo ya figo mara nyingi hujitokeza ndani ya wiki 4 hadi 6 za mwanzo, na karibu yote ndani ya miezi 6. Apimwe mkojo na presha kila wiki kwa mwezi wa kwanza, kisha kwa tarehe mtakazopangiwa, hadi miezi 6 ipite.

Hata kama mkojo ni safi kabisa?
Hata kama ni safi. Damu kidogo na protini kwenye mkojo, dalili za figo kuumia, hazionekani kwa macho. Kijiti cha kupimia mkojo kinachovywa kwenye kikopo huonyesha kwa kubadili rangi ndani ya dakika chache tu.

Tuko shamba, tuje baada ya mavuno?
Hapana. Wanaokuja baada ya mavuno ndio tunaowapokea uso umevimba asubuhi, mkojo kama chai ya rangi, presha juu. Kama mko Bahi au Kongwa, ulizeni kipimo kwenye zahanati au kituo cha afya cha karibu, mkiwa na cheti cha mtoto.

Mkojo ukiwa mwekundu nimpe dawa ya kichocho?
Pima kwanza. Na tafadhali acheni kununua diklofenaki dukani kwa ajili ya magoti. Figo zilizoumia zinaumizwa zaidi. Mitishamba ya kuchemsha nayo iachwe.

Wanapona?
Watoto wengi hupona ndani ya mwezi mmoja hivi, mara nyingi kwa mapumziko, maji na parasetamo. Takriban theluthi moja hurudiwa na vidoa, kwa kawaida vyepesi, ndani ya miezi michache. Vikirudi, mkojo upimwe upya. Steroidi (dawa za kutuliza uvimbe) husaidia tumbo na viungo, lakini kuzitumia mapema hakuzuii figo kuumia.

Na mtu mzima?
Kwake ni nadra, lakini ni mzito zaidi: figo huathirika mara nyingi zaidi, na wengine hubaki na ugonjwa sugu wa figo. Wengine huhitaji kuchukuliwa kinyama cha figo kikapimwe. Yeye afuatiliwe muda mrefu zaidi, hata akijisikia mzima. Mwanamke aliyewahi kuugua, hata utotoni, amwambie mkunga hudhurio la kwanza la kliniki, ili mkojo na presha vipimwe katika kila hudhurio hadi ajifungue.