Programu haikujui wewe, inajua anwani yako

Mzee mmoja wa Kibokoni alinijia ameshika simu, ana uchungu. Barua pepe za kundi letu la mawakala wa forodha anazipata kila siku, ila akiandika yeye zinarudishwa: si mwanachama. Akadhani kuna mtu amemfuta.

Wengi huamini kwamba programu ya kundi, ile inayosambaza barua kwa wanachama, mathalan Mailman, inamjua mwanachama. Haimjui. Huchukua anwani iliyo kwenye barua na kuitafuta katika orodha yake, basi. Mzee alijiandikisha kwa anwani ya ofisi ya zamani, ambayo siku hizi husukuma barua zote kwenye anwani yake mpya. Kupokea anapokea; akijibu, barua inatoka na anwani ambayo orodha haina. Kubadilisha jina linaloonekana kwenye simu hakusaidii kitu.

Dhana nyingine ni kwamba mtumaji ana anwani moja tu. Barua pepe hubeba mbili. Moja imo ndani ya barua, mstari wa "From", ndiyo tunayoiona. Ya pili ni ya bahasha: seva inayotuma huitaja kabla ya kupitisha barua, na mwisho wa safari huandikwa mstari wa "Return-Path". Mailman huanza na "From"; ezmlm, programu nyingine ya kundi, hutazama bahasha.

Tulipofungua, katika barua moja ya kundi aliyoipokea, mistari ambayo simu huificha, "Return-Path" ilikuwa na kitu cha namna hii: kundi-bounces+ali=example.com. Alama ya @ imegeuzwa =. Ndiyo anwani aliyojiandikishia, na mzee aliitambua papo hapo. Programu huiweka pale ili barua ikigonga mwamba ijue ni ya nani. Si kila kundi limewasha utaratibu huu, lakini mimi huanzia hapo.

Herufi kubwa na ndogo mara nyingi hazina shida. Nukta zina shida: Gmail huzipuuza kabla ya @, programu ya kundi huona watu wawili.

Wapo pia wanaodhani "From" ni ushahidi. Yeyote anaweza kuandika humo anwani ya mwenzake. Ndiyo sababu ya ile barua ya kuthibitisha ambayo programu hutuma kwa anwani inayoandikishwa, nami nawasihi wasimamizi wasiizime kwa kuogopa kuwasumbua watu.

Mzee tulimwandikisha kwa anwani yake mpya, ile ya zamani tukaizimia kupokea. Jioni ile ile barua yake ya kwanza ikapita.