Mbwa mchangamfu naye hupimwa moyo
Kuna ujumbe usiokoma kuzunguka kwenye magrupu: eti mbwa anayekula na kukimbia vizuri moyo wake ni mzima, kumpima ni kupoteza pesa. Si kweli. Moyo unaotanuka, ugonjwa unaowapata sana mbwa wa aina ya Doberman, unaweza kukaa miaka bila dalili, mbwa akikimbiza mpira kama kawaida. Wengi huchanganyikiwa daktari asiposikia kasoro kwa stetoskopu; kumbe ultrasaundi na kipimo cha umeme wa moyo cha saa 24 huonyesha yasiyosikika. Nyumbani, mhesabie pumzi akiwa usingizini (kifua kupanda na kushuka ni moja). Zikizidi 30 kwa dakika mara kwa mara, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.