Je, wajua ni kwa nini barabara nyembamba huumiza msitu mpana?

Ukiingia msitu wa Karura hapa Nairobi kutoka upande wa Barabara ya Limuru, mabadiliko huyahisi kabla ya kuyaona. Karibu na lami kuna jua, vumbi na honi za matatu, na lantana hujipenyeza popote penye mwanga. Ukisonga ndani, hewa inapoa na majani makavu yanalainika chini ya kiatu kwa unyevu.

Barabara ya kwenda mgodini huleta ukingo kama huo katikati ya msitu. Mgodi au kisima cha mafuta chenyewe huchukua eneo dogo la msitu, na hata njia yake huonekana ndogo. Barabara yenye upana wa mita 10 na urefu wa kilomita 100 hufyeka hekta 100 tu, takriban sehemu ya kumi ya Karura. Hata hivyo, jua na upepo huingia kutoka ubavuni. Utafiti ulioanza mwaka 1979 karibu na Manaus, Brazili, ulionyesha kwamba miti mikubwa iliyo ndani ya mita 300 kutoka ukingo wa malisho hufa kwa kasi karibu mara tatu ya ile ya katikati ya msitu. Ukingo wa barabara si mkali kiasi hicho, lakini hata theluthi ya umbali huo, pande zote mbili, ingegusa hekta 2,000.

Wanyama nao hukwama. Mbega hapendi kushuka chini, ndiyo maana kule Diani amefungiwa madaraja ya kamba juu ya barabara ya magari.

Kubwa zaidi ni watu. Mitambo ya mgodi ikishapita, mwindaji, mchoma makaa na mtafuta shamba hufuata njia ileile. Katika Amazoni ya Brazili, karibu asilimia 95 ya ukataji wa misitu imetokea ndani ya kilomita 5.5 kutoka barabarani, au kilomita 1 kutoka mto unaopitika kwa vyombo.

Kwa hiyo, kubishana kama mgodi au kisima kiwepo au kisiwepo, kwa maoni yangu, ni kuanzia mbali na kiini cha tatizo, yaani barabara. Kule Urucu, katikati ya Amazoni hiyohiyo, mafuta na gesi huchimbwa pasipo barabara ya kuunganisha eneo hilo na miji: wafanyakazi huenda kwa ndege, mizigo kwa mto, na gesi husafiri kwa bomba hadi Manaus. Penginepo, kampuni za mbao huifunga njia kwa magogo na mitaro mara tu zinapomaliza kuvuna. Ndiyo maana ripoti ya tathmini ya mazingira inapowekwa wazi kwa wananchi, mimi huanza kwa kutafuta ramani ya barabara, kisha sentensi inayosema nani ataifunga, na lini.