Si kila unachookota kwenye gemu ni pawa

Kwenye vibanda vya gemu hapa Mtwara mjini, kuanzia Chikongola hadi Magomeni, kila kinachong'aa kwenye skrini huitwa pawa. Sarafu ni pawa, ufunguo ni pawa, tunda ni pawa. Anayecheza ili apumzishe akili tu haimdhuru. Lakini wapo vijana hapa kwetu, na kule Lindi pia, ambao hawataki tena kucheza gemu za wengine tu, wanataka kutengeneza za kwao. Wapo pia wazazi ambao salio la simu zao ndilo linalonunua vitu hivi. Hao wakichanganya mambo wanapata hasara, na hao ndio ninaowaandikia.

Dhana: Ukiokota kitu, umepata pawa

Pawa ni kitu kinachobadilisha unachoweza kufanya, au kinachobadilisha kitakachokupata ukiguswa na adui. Kitu cha kukusanya kinahesabiwa tu: kinaongeza alama, kinatimiza idadi, kinafungua mlango, lakini wewe mwenyewe unabaki yule yule. Ukitaka kujua umeokota kipi, jiulize kama sasa hivi kuna jambo unaloliweza ambalo kabla ya kuokota hukuliweza.

Pac-Man, iliyotolewa na Namco mwaka 1980, inaonyesha tofauti hii waziwazi kuliko gemu nyingine yoyote ninayoijua. Kila ramani ina vidonge vidogo 240 na vikubwa 4. Vidogo ni vya kukusanya: kila kimoja kina alama 10, na ramani haiishi mpaka vyote viishe. Ukimeza kimoja kati ya vile 4, mizimu iliyokuwa inakufukuza inageuka bluu na kuanza kukukimbia, na sasa ni zamu yako kuila. Kumeza ni kule kule, ila aliyekuwa anawindwa amekuwa mwindaji. Na yale matunda yanayotokea katikati ya ramani? Cheri ina alama 100, basi. Haikupi uwezo wowote.

Waliowahi kushika Nokia za vitufe wanaikumbuka Nyoka. Ilianzia kwenye Nokia 6110 mwaka 1997, ikiwa kazi ya Taneli Armanto wa Finland. Kila nyoka akila, alama zinapanda na mwili unarefuka. Chakula kile si pawa hata kidogo, maana kila tonge linakupunguzia nafasi ya kupita. Unakusanya huku unajibana mwenyewe, na kwangu mimi hicho ndicho kilichofanya gemu ya nukta chache nyeusi iwakeshe watu. Kijana anayedhani kila cha kuokota lazima kimsaidie mchezaji aichunguze tena gemu hiyo.

Dhana: Ukiwa na pawa, hufi

Hii ndiyo inayozua kelele nyingi vibandani. Mtu anapata nyota kwenye Super Mario Bros., gemu ya Nintendo ya mwaka 1985, anaachia mbio bila kutazama mbele, anatumbukia shimoni. "Kaka, gemu imeniibia!" Haijakuibia, dogo. Nyota inakukinga na maadui kwa sekunde chache. Shimo halimo kwenye mkataba. Uyoga nao una kazi yake: unakukuza, na ukiguswa unarudi kuwa mdogo badala ya kufa. Ua linakupa moto wa kurusha. Kila kimoja kina alichopewa na alichonyimwa.

Tazama Donkey Kong ya mwaka 1981. Gemu nzima ni kupanda ngazi kwenda juu huku mapipa yanakuporomokea. Ukishika nyundo unayasambaratisha mapipa na alama zinamiminika, lakini muda wote ulio nayo huwezi kupanda ngazi hata moja. Yaani pawa imekunyang'anya lile jambo ulilokuja kulifanya. Mchezaji anabaki na hesabu ya kupiga: aichukue sasa ajikusanyie alama, au aipite awahi juu? Huo ndio usanifu ninaoupenda, kwa sababu pawa imezaa uamuzi na haikuishia kuwa zawadi.

Pac-Man nayo inabana kwa njia yake. Kadiri unavyopanda levo, muda wa mizimu kuwa bluu unapungua, mpaka zile levo za juu kabisa haigeuki bluu tena. Aliyejifunza kutegemea vidonge vikubwa peke yake anaumbukia huko. Na mwendelezo wa Super Mario Bros. uliotoka Japani mwaka 1986 ulikuwa na uyoga wa sumu: unaonekana kama msaada, ukiugusa unakuumiza.

Kwa hiyo wewe unayeandika gemu yako ya kwanza, kabla hujachora pawa, andika kwanza haitaweza nini. Itaisha lini, itamzuia mchezaji nini, na itakuwaje akiipata mahali asipoihitaji. Nimeona majaribio ya vijana wetu ambamo shujaa anaokota ngao ya kudumu kwenye dakika ya kwanza, na baada ya hapo hakuna gemu tena, kuna matembezi.

Dhana: Pawa zote ni za muda

Hapana. Kwenye Contra ya mwaka 1987 bunduki uliyookota unabaki nayo mpaka ufe au uokote nyingine. Kwenye Metroid na The Legend of Zelda, zote za 1986, zipo nguvu ambazo ukizipata ni zako moja kwa moja: tangi la nishati, au moyo unaokuongezea uhai.

Dhana: Sarafu ni mapambo tu

Fungua Subway Surfers, gemu ya kukimbia kwenye reli ambayo imejaa kwenye simu za watoto tangu 2012, utazame jinsi sarafu zilivyopangwa. Zinakwenda na reli, zinainuka kwa upinde, zinatua juu ya behewa. Zinakuonyesha pa kuruka kabla hujalifikia behewa lenyewe. Mtoto wa miaka sita ambaye hajasoma maelezo yoyote anazifuata, na kwa kuzifuata anajifunza njia. Kisha zina matumizi: unazitumia kurefusha muda wa sumaku au wa viatu vya kuruka. Sarafu si pawa, lakini inainunulia pawa nguvu.

Vipo pia vinavyosimama katikati. Pete za Sonic, gemu ya Sega ya mwaka 1991, unazihesabu kama sarafu na zikifika 100 unaongezewa maisha. Lakini ukiwa na hata moja ukaguswa na adui, pete zinatawanyika na wewe unabaki hai. Hapo umekusanya na umejikinga kwa kitu kimoja. Anayeng'ang'ania kwamba lazima kiwe upande mmoja anajichosha bure.

Mfano mwingine ni GTA: San Andreas ya mwaka 2004, ambayo kwenye mashine ya PS2 imechezwa mpaka CD zikachubuka (ni gemu ya watu wazima, watoto wasiachwe nayo). Kuna chaza 50 wamefichwa majini. Watu wa Mikindani wanajua chaza hupatikana maji yakikupwa, ila wa kwenye gemu hawangoji bamvua, unawazamia. Na kila unapopiga mbizi, pumzi ya mhusika inaongezeka, hivyo ule utafutaji wenyewe unakujenga. Wengi huishia kuwaacha nusu, na sishangai.

Dhana: Ukimaliza kukusanya vyote, mwisho kuna kitu kikubwa

The Legend of Zelda: Breath of the Wild ya mwaka 2017 ina mbegu 900 za Korok, viumbe wadogo waliojificha ndani ya gemu. Unahitaji 441 kupanua mifuko yako yote. Anayezifikisha 900 anakabidhiwa kitu chenye umbo la kinyesi cha dhahabu, kisichoongeza nguvu yoyote. Wasanifu walimaanisha: kusanya kwa raha yako, hakuna aliyekulazimisha.

Dhana: Chiti ni pawa

Chiti unabonyeza vitufe kwa mpangilio fulani na sheria ya gemu inawekwa kando. Pawa imo ndani ya sheria, imewekwa mahali fulani na ina bei yake, hata kama bei hiyo ni hatari ya kuifuata tu. Basi.

Dhana: Pawa nzuri ni ya kununua kwa pesa

Wazazi, hapa tusikilizane. Gemu zote nilizozitaja za miaka ya 80 ziliweka pawa ndani ya ramani, na mchezaji alizifuata kwa ustadi wake. Kwenye simu mambo yamebadilika: vingi vinauzwa, na vingine vimo ndani ya sanduku la bahati ambalo unalipa kwanza ndipo ujue umepata nini. Mwaka 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji ilichunguza gemu kadhaa ikasema masanduku ya kulipia ya namna hiyo yanavunja sheria ya kamari ya nchi hiyo. Naungana nao. Mtoto anayelipia sanduku asilojua lina nini hanunui pawa, anabahatisha.

Mara nyingi kinachouzwa ni sura: nguo, rangi, ngozi ya bunduki. Mtoto akikuambia "mama, bila hii nafungwa", mwambie akuonyeshe inabadilisha nini anapocheza. Akishindwa, ni pambo. Na kama simu yako imeunganishwa na njia ya malipo, ingia kwenye mipangilio ya Google Play uwashe uthibitisho kwa kila ununuzi, ili hakuna kinachonunuliwa bila neno lako la siri au alama ya kidole chako.