Draivu ya mtandao, na kwa nini hupotea ukibadili jina la kompyuta

Kwa desturi ya huku Kusini, kijana akitoka kumbini, yaani jandoni, hupewa jina jipya. Ukimwita kwa lile la utotoni haitiki, na wazee watakukemea wewe, si yeye. Kompyuta nayo ndivyo ilivyo.

Draivu ya mtandao ni folda iliyo ndani ya kompyuta nyingine, ila yako huionyesha kama diski yake yenyewe, kwa herufi, mara nyingi Z. Hakuna kilichohamia kwako. Z ni mkato tu wa anwani: jina la kompyuta yenye folda, kisha jina la folda.

Kwetu Shangani, Mtwara, hesabu za korosho zimo kwenye kompyuta ya sebuleni. Windows ilikuwa imeipa jina DESKTOP-4H7K2QA, kwa hiyo Z ya laptopu ya mama watoto ilielekea \\DESKTOP-4H7K2QA\Korosho. Nikaibatiza ile ya sebuleni MIKINDANI (jina lisizidi herufi 15), nikaizima na kuiwasha. Asubuhi nikaulizwa, "Baba Zuhura, hesabu za msimu umezifuta?" Zilikuwepo zote. Laptopu ndiyo iliyokuwa ikiita jina la utotoni.

Usianze kuchokonoa waya wala ruta. Fungua dirisha la mafaili, andika \\MIKINDANI kwenye nafasi ya anwani. Folda zikitokea, mtandao ni mzima; kata Z ya zamani, uiunge upya. Wanaopenda amri, waandike hizi kwenye dirisha la Command Prompt:

net use Z: /delete
net use Z: \\MIKINDANI\Korosho /persistent:yes

Hapa ndipo wengi hukwama: inadai jina la mtumiaji na nywila, ilhali zamani haikudai. Windows huhifadhi siri hizo kwa jina la kompyuta, na zako zimebaki chini ya lile la zamani. Andika MIKINDANI\ ukifuatisha jina la mtumiaji, kisha nywila kamili. Ile PIN fupi ya kuwashia haikubaliki, hata uirudie mara kumi.

Jina likigoma, jaribu namba ya IP ya kompyuta hiyo, yaani anwani ya namba inayopewa na ruta. Ikikubali, tatizo ni jina tu halijatambulika. Zima ruta, uwashe. Kuiacha Z kwenye namba sikushauri, maana ruta inaweza kuibadilisha wakati wowote.

Printa inayoshirikiwa kutoka kompyuta hiyo huungwa upya vivyo hivyo. Yetu niliikumbuka katibu wa AMCOS, chama cha ushirika wa mazao, akiwa barazani, anasubiri karatasi yake.