Gia ya tano haiongezi mbio

Mtu aking'oa giaboksi ya gia nne kwenye MGB ya zamani, gari dogo la michezo la Kiingereza, na kufunga giaboksi ya Ford Type 9 ya gia tano, huambiwa gari sasa litakimbia zaidi. Sivyo. Kinachofika kwenye tairi ni uwiano wa gia ukizidishwa kwa uwiano wa difu. Difu ya MGB ni 3.909, gia ya tano ni 0.82, unapata 3.2, yaani injini huzunguka mara 3.2 tairi likizunguka mara moja. Kwa kilomita 100 kwa saa injini hushuka kutoka karibu mizunguko 3,500 kwa dakika kwenye gia ya nne hadi 2,850 kwenye ya tano. Inatulia, ila msukumo nao unapungua. Mwendo wa juu kabisa bado uko gia ya nne. Ukibadili na difu pia, ukaweka ya 3.07 ya MGB GT V8 (MGB yenye injini kubwa ya V8), gia ya tano inabaki 2.5, na injini ya cc 1,800 mlimani itakurudisha ya nne.